Swali la Wazee wa Lusungo: Maisha ya Jailos Mwandemele

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1958, katika chumba cha marehemu hapa Lusungo, walikuwapo watu hawa: Damari, mke wake, aliyekaa upande wa kichwa cha kitanda, Lutengano, mwanawe wa kwanza, aliyeruhusiwa kutoka chuo cha ualimu, Juliana, binti yake mdogo, aliyekuwa akifukuza nzi kwa jani la mgomba, Tusekile, mama yake mzazi, ambaye alikataa kiti akakaa chini kwenye mkeka, Bwana Kasian Mtitu, dresa wa zahanati ya shamba la chai karibu na Igowole, upande wa Mufindi, Bwana Selemani Matano, mfanyabiashara wa mjini Iringa, aliyekaa mlangoni kwa sababu alisema miguu yake ni mirefu na ingewasumbua wengine, Mchungaji Anania Mwangoka, mzee wa kanisa Yotamu Mwakajila, na mimi, Filemoni Mwandemele, baba mdogo wa marehemu, ninayewasomea maneno haya kwa niaba ya familia.

Nimewataja mmoja mmoja kwa sababu tangu juzi watu wengi wamenisimamisha njiani wakiniuliza ni maneno gani yaliyosemwa katika chumba kile, na wengine wamekwisha kuyasimulia ingawa hawakuwapo. Waliokuwapo ni hao tu. Nitafika huko mwishoni, lakini kwanza naomba mnivumilie nisome maisha ya marehemu kwa utaratibu wake, maana siku ile haieleweki bila miaka iliyoitangulia.

Marehemu alizaliwa hapa Lusungo mwezi wa Mei, mwaka 1913, mtoto wa kwanza na wa pekee wa kaka yangu Andendekisye Mwandemele na mkewe Tusekile, ambaye tunamshukuru Mungu kwamba yupo hapa mbele yetu. Tarehe ya kuzaliwa haikuandikwa popote, nami sitabuni. Alibatizwa siku ya Jumapili, tarehe 7 Juni 1914, akapewa jina la Jailos, ambalo ninyi Wakristo mnajua kuwa ni jina la yule baba aliyemwendea Bwana kwa ajili ya binti yake, na binti akainuliwa. Jina hilo alilichagua kaka yangu mwenyewe, kwa kuwa alipenda habari hiyo kuliko nyingine zote. Mwaka 1916 kaka yangu alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo ya vita, akapelekwa upande wa Iringa, na hakurudi, wala hatukuonyeshwa mahali alipolala, na tangu hapo mtoto alikua katika mikono ya mama yake na katika nyumba yangu.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1923, akasoma hadi mwaka 1927, kisha akaendelea katika shule ya misheni huko Rungwe, tangu mwaka 1928 hadi mwaka 1932, alikosifiwa kwa mwandiko mzuri na kwa sauti ya kuimba, wala hakuwa mtoto wa kuchapwa mara nyingi. Mwaka 1933 alitumwa kuwa mwalimu msaidizi katika shule ndogo upande wa Usangu, karibu na Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, akakaa huko kwa taabu ya mbu na homa, na mwaka 1937 alirudishwa hapa nyumbani kuwa mwalimu na mwinjilisti wa Lusungo, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano.

Alifunga ndoa na Damari, binti wa marehemu Mwaikuju wa kijiji jirani, siku ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1938. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lutengano, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1940, Tupokigwe, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1944, na Juliana, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1948.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wageni wetu wa kutoka Iringa na Mufindi hawalijui, na ambalo vijana wetu wanaweza kulisahau, kwani halipo tena. Wakati wa baba zetu mtu alipougua ugonjwa mzito, majirani walikusanywa migombani, kila mmoja akaulizwa kama ana neno moyoni juu ya mgonjwa, iwe ni shamba au ng'ombe au maneno ya wake zao, na aliyekuwa na neno alilitoa mbele ya wote, akapuliza maji kwa kinywa chake kuonyesha kwamba halimo tena, kisha watu wakanywa pombe, wakataniana, wakarudi nyumbani. Sisi tulipobatizwa tuliambiwa tuache mambo hayo, nasi tulidhani tumeyaacha. Kumbe tuliacha majirani na pombe, tukalibakiza swali. Kila Mkristo wa Lusungo alipolala kitandani siku chache, wazee wa kanisa walikwenda kwake wakiwa na mwinjilisti, wakavua kofia, wakakaa, na mwinjilisti akamwuliza mgonjwa, "Kuna jambo?" Kama alikuwa na dhambi iliyofichika aliikiri, wakaomba. Asipopona, walirudi wakamwuliza tena, kwa kuwa waliamini Mungu hampigi mtu bure.

Mimi nilikuwa karani wa baraza kwa miaka mingi, chini ya Wadachi na chini ya Waingereza, na nimeandika kesi zisizo na hesabu, kwa hiyo naweza kusema tofauti ilikuwa wapi. Baba zetu walimwuliza jirani, na mgonjwa alilala akisubiri kuombwa radhi. Sisi tulimwuliza mgonjwa. Tulimwacha peke yake na swali ambalo halikuwa na mwisho, maana ni mwanadamu gani akichimba moyoni mwake atakosa kitu? Wengi wa wagonjwa wetu walikufa huku bado wanachimba. Na mwinjilisti aliyekuwa akiuliza, katika nyumba hizi zote mnazoziona kutoka hapa, alikuwa ni marehemu Jailos, naye aliuliza kwa moyo mweupe, akiamini kwamba anawafungulia watu mlango.

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi 1952 binti yake Tupokigwe, ambaye hakuwa bado na miaka minane, alishikwa na homa, shingo yake ikakakamaa, na mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda Mbeya, hivyo haikuwezekana kumpeleka hospitali. Wazee walikuja kama ilivyokuwa desturi, na kwa kuwa mwinjilisti sasa ndiye mwenye mgonjwa, aliyeuliza alikuwa mzee Yotamu Mwakajila. Marehemu alijibu kama alivyowafundisha wengine kujibu. Alikiri hasira aliyokuwa nayo juu yangu mimi, baba yake mdogo, kwa ajili ya mpaka wa shamba, jambo ambalo sikulijua na lililonichekesha. Alikiri kiburi cha kuimba. Damari naye alikiri, mbele ya wanaume, mambo ambayo mke hapaswi kuombwa ayaseme mbele ya watu, na nitaishia hapo. Mtoto hakupata nafuu. Wazee wakarudi, na mama Tusekile, ambaye mnamjua, alisimama mlangoni akawaambia, "Ninyi wazee, mnamtafutia mwanangu dhambi? Mimi niliyemchapa ndiye ninayezijua zote, na zimekwisha." Walicheka kidogo, wakaingia, wakauliza tena.

Tupokigwe alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 1952, akazikwa kesho yake, hapo kwenye mgomba wa pili kutoka kaburi hili tunaposimama. Katika mazishi yake iliombwa sala kwamba neno lililobaki katika nyumba hii lifichuliwe. Mtu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa amekwisha kuomba radhi, alisema kwamba yule Jailos wa kwanza alirudishiwa binti yake, na huyu wa kwetu hakurudishiwa, hivyo kila mtu ajionee.

Siku ya Jumapili, tarehe 23 Machi, marehemu alisimama kanisani mahali pake pa siku zote, akiwa amevaa koti lake jeusi, na badala ya mahubiri alisema maneno machache ambayo nililazimika kuyasikia kwa masikio yangu ndipo niyaamini. Alisema, "Nimetafuta na hakuna. Na hata kama lingekuwapo, Mungu anayemwua mtoto ili baba yake aseme neno, mimi simjui, na ninyi niliowauliza nawaomba radhi." Kisha akashuka, akauweka ufunguo wa kanisa juu ya meza, akatoka kwa mlango wa kando, na Damari akamfuata akimwongoza Juliana kwa mkono. Baraza la wazee lilikaa tarehe 5 Aprili, likamwondoa katika kazi na kuwatenga mume na mke na Meza ya Bwana hadi watakapotubu.

Ndugu zangu, miaka iliyofuata ilikuwa migumu, nami sitaipamba. Marehemu aliacha kuomba. Hakuomba chakulani wala kitandani, na Damari, aliyeendelea kuomba peke yake kwa sauti ndogo, aliniambia kwamba usiku alimsikia mumewe akiwa macho kimya, na kimya kile kilimwogopesha kuliko matusi. Alijaribu kulima. Watu walimsalimu njiani lakini hawakuingia nyumbani kwake, kwa kuwa waliogopa lile neno lisilofichuliwa lisije likawarukia. Mwezi wa Juni mwaka huohuo aliagana na familia akaenda Iringa kutafuta kazi.

Huko Iringa alipokelewa na Bwana Selemani Matano, ambaye baba yake alitoka Pwani na msafara wa biashara akalowea, na ambaye alimpa kazi ya dukani na chumba cha nyuma, bila kumwuliza alitoka wapi wala kwa nini. Mwezi wa Januari 1953 mke wa Bwana Selemani, marehemu Zuena, alifariki katika uzazi. Marehemu Jailos alikwenda kukaa matangani kama mtu wa nyumba, na alinisimulia kwamba siku zote zile alikaa amekunja mikono, akisubiri wazee wa msikiti waje wamwulize Selemani. Walikuja, wakasoma, wakampa pole, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mvua. Siku ya tatu hakuweza kujizuia, akamwuliza mwenye msiba mwenyewe, "Hawaulizi?" Naye Bwana Selemani akamwambia, "Wamwulize nani, mwalimu? Zuena ametangulia, mimi nimebaki, na wewe hujala tangu jana. Kaa ule wali." Bwana Selemani yuko hapa, ananiitikia kwa kichwa, ni kweli alisema hivyo. Marehemu aliniambia kwamba alikula wali ule huku machozi yakidondokea sahanini, na watu wakadhani anamlilia Zuena, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Baadaye mwaka huohuo alipata kazi kwenye shamba la chai karibu na Igowole, kwanza akiita majina ya vibarua asubuhi, kisha, kwa kuwa alijua kusoma na hakuogopa damu, akahamishiwa zahanati ya shamba kumsaidia Bwana Kasian Mtitu. Mwezi wa Julai 1954, wakati wa baridi kali na ukungu wa Mufindi, surua iliingia katika kambi ya vibarua, watoto wakaugua nyumba kwa nyumba. Bwana Kasian, ambaye ni Mkatoliki na ni mtu wa maneno makali, alimkuta marehemu siku ya kwanza amesimama katikati ya chumba, ameduwaa mbele ya watoto wale, akamwambia, "Mwinjilisti, kama unaomba omba, kama huombi basi usiombe, lakini maji yachemke." Marehemu alirudia maneno haya maisha yake yote, na wengi wenu mmeyasikia kwake mkadhani ni yake mwenyewe. Ni ya Bwana Kasian.

Katika siku zile mama mmoja wa Kibena, ambaye marehemu hakulishika jina lake na kwa sababu hiyo siwezi kulitaja, alifiwa na mtoto wake mikononi mwa marehemu. Mama yule hakulia. Alimshika marehemu mkono akamwuliza, "Mwalimu, nimefanya nini?" Lilikuwa ni swali lilelile, ila safari hii lilitoka upande wa pili wa kitanda, na mtu aliyekuwa akiliuliza kwa miaka kumi na mitano alitakiwa sasa kulijibu. Alimjibu, "Hukufanya kitu, mama. Ni surua." Yule mama akamtazama sana, kama mtu anayepima kama anadanganywa, kisha ndipo akalia, kilio chenye mwisho, akalala palepale kwenye benchi, na wanawake wa kambi wakamfunika kanga.

Marehemu aliniambia kwamba jioni ile, akibeba ndoo kutoka mtoni, aliomba kwa mara ya kwanza tangu Tupokigwe. Nilimwuliza aliomba nini, kwa kuwa mimi napenda kujua maneno yenyewe. Alisema hakuwa na maneno, alisema tu, "Upo," na hakuwa na hakika kama alikuwa akiuliza au akieleza, na hilo halikumsumbua. Wakati mwingine tulipokuwa tumekaa wawili, aliniambia, akijua kazi niliyoifanya, kwamba sisi tulimpeleka Mungu katika nyumba ya mgonjwa awe mshtaki, na mshtaki akiingia hakuna anayeweza kumpa mgonjwa maji. Aliniambia pia kwamba hajui tena kusema Mungu amefanya hili wala hakufanya lile, na kwamba mtu akimwuliza kwa nini mtoto wake alikufa atamjibu kuwa hajui, lakini anapomchotea mtu maji hajioni yuko peke yake. Mimi ni mtu wa shule ya zamani, nilifundishwa majibu yote kwa moyo, na sikuweza kumpinga wala kukubaliana naye siku ile. Leo naweza kusema kwamba tangu aliponiambia hayo ninalala vizuri zaidi.

Mwezi wa Septemba 1956 Damari alimpelekea salamu kwa dereva wa lori kwamba Sekela, mke wa mzee Yotamu Mwakajila, ni mgonjwa sana, na kwamba wazee wengine wamekwisha kwenda mara mbili kumwuliza kama kuna jambo, na Yotamu mwenyewe amekonda. Damari hakumwambia afanye nini. Marehemu aliomba ruhusa kazini, akaja, akafika hapa Jumamosi mchana, na kabla ya kuingia kwake alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Yotamu. Mzee Yotamu amenipa idhini ya kusoma haya. Alipomwona Jailos mlangoni alishika ukuta, kwa kuwa alijua ni swali gani mtu yule angekuwa na haki ya kumwuliza. Marehemu akamsalimu, akamsalimu mgonjwa, akatazama huku na huku, akachukua ndoo iliyokuwa tupu, akaenda kisimani. Akarudi, akachemsha maji, akamwosha mgonjwa miguu kwa kitambaa, akaenda tena kisimani. Alifanya hivyo siku zote alizokuwa hapa, na alipoondoka Damari aliendelea. Sekela alipona, yuko hapa na kilemba cha buluu, na marehemu alikataza kabisa watu wasiseme kwamba alipona kwa sababu ya maji yake au sala yake. Alisema kama mnataka kusema hivyo, mtamwambia nini Damari juu ya Tupokigwe?

Mwezi wa Februari 1957 mzee Yotamu alisimama katika baraza la wazee akaomba kwamba swali lile likomeshwe, na wazee waendao kwa wagonjwa wachukue kuni au maji, waimbe wimbo mmoja, waondoke. Palikuwa na mabishano ya siku mbili, na mmoja alisema tukiacha kuuliza watu wataacha kumwogopa Mungu, na Yotamu akamjibu, "Mimi nilimwogopa vizuri sana, na nilimwacha mke wangu bila maji." Mchungaji Anania Mwangoka alikubali, na baraza likakubali. Marehemu aliacha kazi ya chai, akarudi nyumbani, na siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 1957, yeye na Damari walirudishwa Mezani. Mchungaji alimwuliza mbele ya kanisa kama anaamini kwamba Mungu huponya. Marehemu akajibu, "Ninaamini kwamba Yeye hatuachi. Mengine sijui, Mchungaji." Mchungaji alimtazama, akatutazama sisi, akampa kikombe.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Mei mwaka huu kwa maumivu ya tumbo upande wa kulia, na tarehe 8 Julai alilazwa katika hospitali ya Serikali mjini Mbeya, ambako daktari alituambia waziwazi kwamba ini lake lina uvimbe usio na dawa, akaturuhusu kumrudisha nyumbani. Alirudi bila hofu, lakini nyumba yake haikukosa hofu. Maneno yalianza njiani, kwenye mashine ya kusaga na penye kisima, kwamba kumbe lile neno la mwaka 1952 lilikuwapo, na sasa limemrudia mwenyewe, na kwamba wazee wakiwa na hekima watakwenda kuuliza kabla hajafa nalo. Damari aliyasikia yote. Usiku hakulala, si kwa sababu ya kumwuguza mumewe, bali kwa kusikiliza kama kuna hatua za watu wanaokuja. Marehemu aliniambia, "Baba mdogo, kufa si kitu kikubwa. Lakini wakiniuliza, Damari atarudi kule alikokuwa, naye amechoka. Usiwaruhusu." Nilimwahidi, ingawa sikujua ningewazuiaje.

Kwa kuwa nataka kumalizia na siku ile, naomba nitangulize shukrani za familia hapa. Tunamshukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya Mbeya, waliotuambia ukweli kwa upole. Tunawashukuru majirani waliombeba kwa machela kutoka barabarani hadi hapa, kupanda mlima wote huu, katika mvua isiyo ya majira yake. Tunamshukuru Bwana Kasian Mtitu, aliyekuja na dawa za kutuliza maumivu na kukaa hadi mwisho, na wafanyakazi wenzake wa shamba la chai waliotuma rambirambi. Tunamshukuru Bwana Selemani Matano, aliyesafiri kutoka Iringa na mchele wa kulisha watu wote hawa, na aliyekwisha kutuambia kwamba hataondoka kabla ya siku ya tatu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofanyiwa. Tunawashukuru waimbaji, waliochimba kaburi, Mchungaji, na wazee wote wa kanisa. Ewe Jailos, mwana wa kaka yangu, lala karibu na binti yako, hakuna wa kukuamsha kwa maswali.

Basi, siku ya Jumanne, sisi wote niliowataja tulikuwa chumbani, isipokuwa Mchungaji na mzee Yotamu, ambao waliingia baada ya chakula cha mchana. Walivua kofia. Mchungaji akakaa, Yotamu akabaki amesimama. Juliana aliacha kupunga jani. Nilimwona Damari ameshika mti wa kitanda kwa mikono miwili, nikajiandaa kusimama kama nilivyoahidi. Mzee Yotamu alimtazama marehemu, akamgeukia Damari, akakohoa, akasema, "Kuna," naye Damari akafumba macho, "kuni za kutosha hapa ndani, mama Lutengano?"

Damari akafumbua macho. Akasema, "Hakuna, baba. Zilizobaki ni mbichi."

"Shoka liko wapi?" akauliza Yotamu. Mama Tusekile akamwonyesha kwa kidevu, nyuma ya mlango, akamwambia aangalie mpini umelegea. Bwana Selemani aliikunja miguu yake ili ampishe. Marehemu alikuwa amesikia yote, kwani tabasamu lilimjia usoni, akasema kwa lugha ya kwetu neno moja tu, "Ndaga," yaani asante, na hilo ndilo neno lake la mwisho, wala hakusema jingine, hata kama kuna wanaosimulia mengine. Damari aliachia mti wa kitanda, akaegemeza kichwa ukutani, akalala usingizi akiwa amekaa, na hatukumwamsha. Bwana Kasian aliweka sufuria mekoni. Huko nje tulisikia shoka likipasua kuni, likisimama, likiendelea tena.

Jailos Mwandemele alifariki alasiri hiyo.